Uchumi au Biashara? Vidokezo kwa anayejaza tahasusi mkoani Singida

Mohammed Dewji, yaani Mo, alizaliwa Ipembe, Singida mjini, mwaka 1975. Alisoma masomo ya biashara ya kimataifa na fedha katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, akamaliza 1998, akarudi kwenye kampuni ya familia, na kati ya 2005 na 2015 akawa mbunge wa Singida Mjini. Ukishika barabara ya kwenda Iramba unafika kwa Mwigulu Nchemba. Huyu alisoma Uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Benki Kuu, akaingia bungeni 2010, na mwaka 2021 akateuliwa kuwa Waziri wa Fedha na Mipango.

Mkoa mmoja, watu wawili, masomo mawili. Ndiyo maana matokeo ya kidato cha nne yakitoka, sebule nyingi za Singida hugeuka uwanja wa mabishano. Baba anasema soma Biashara uwe kama Mo. Mjomba anasema soma Uchumi uwe kama Mwigulu. Wote wanampenda kijana wao, na wote wanamchanganya. Dewji alikuta biashara ya wazee wake inaendelea, yeye akaikuza. Nchemba alipita katika madarasa yenye wanafunzi wengi ambao leo ni walimu, maofisa mipango, watumishi wa benki na wafanyabiashara wa kawaida kabisa. Jina kubwa linatia moyo, ila halikuambii wewe wa Ilongero au Itigi ujaze nini kwenye fomu.

Basi tushuke kwenye fomu yenyewe.

1. Jua unachochagua hasa

Wanafunzi wengi wanaamini wamesimama njia panda: huku Uchumi, kule Biashara, ukishika moja umeliacha jingine. Kwa kidato cha tano mambo hayako hivyo. Anayesoma ECA anasoma Uchumi, Biashara na Uhasibu kwa pamoja. Anayesoma HGE anasoma Historia, Jiografia na Uchumi. Wa EGM anasoma Uchumi, Jiografia na Hisabati ya juu. Umeona? Uchumi upo kote kote. Kinachobadilika ni majirani zake.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nataka kuusoma Uchumi nikiwa na daftari la hesabu za kampuni mezani, au nikiwa na ramani na historia, au nikiwa na Hisabati ngumu? Ukishalipanga hivyo, nusu ya mabishano ya sebuleni inaisha.

Angalizo moja. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65 kutoka 16 za zamani, na mtaala mpya umeleta somo la Elimu ya Biashara. Herufi ulizozizoea kwa kaka yako huenda zisiwe zilezile kwako. Chukua orodha ya mwaka wako, usikariri ya mwaka wa kaka.

2. Nenda Misuna asubuhi moja ukasikilize

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji ada. Kama uko mjini au utapita mjini, amka mapema uende soko la vitunguu la Misuna. Simama pembeni, usiwe njiani kwa wabeba mizigo, kisha sikiliza maswali yanayokuja kichwani mwako yenyewe.

Huenda ukajikuta unauliza: gunia hili limenunuliwa shambani kwa shilingi ngapi? Usafiri wa kutoka kijijini umekula kiasi gani? Dalali anachukua ngapi kwa gunia? Vikioza vitunguu kumi katika kila mia, faida inabaki? Yule mama anayepanga mafungu yake kwa ukubwa, mbona anauza haraka kuliko jirani yake aliyemwaga tu? Nani anaandika deni la mnunuzi wa Dar es Salaam aliyesema atatuma pesa jioni? Kama haya ndiyo yanayokushika, moyo wako uko kwenye Biashara na Uhasibu. Unaiangalia shughuli moja kutoka ndani: gharama, mteja, kumbukumbu, faida.

Au huenda ukajikuta unauliza mengine. Kwa nini bei inaporomoka wiki ileile ambayo kila mtu amevuna? Mwaka jana vitunguu vilikuwa ghali, mwaka huu kila mtu amelima, bei imeanguka, mwakani watakimbia shamba, na bei itapanda tena: nani anaweza kuuvunja mzunguko huu? Maghala ya kuhifadhia yangekuwa mengi, nani angenufaika, mkulima au mwenye mtaji? Haya ni maswali ya Uchumi. Unalitazama soko zima kutoka juu, pamoja na wale ambao hawapo pale sokoni siku hiyo.

Chukua lumbesa kama kipimo. Kila mtu Singida anaijua: gunia limejazwa, likaongezewa kilemba juu, likashonwa kwa kamba hadi linaonekana kama mtu aliyevaa kofia. Wakala wa Vipimo wanasema kipimo cha gunia kisizidi kilo 100, na lumbesa ni kosa. Mwanafunzi wa Biashara anauliza: nikimuuzia mnunuzi kwa kilo badala ya kwa gunia, nitapata nini zaidi, na nitamshawishi vipi akubali? Mwanafunzi wa Uchumi anauliza: kama sheria ipo na mkulima anajua anaumia, kwa nini bado anajaza? Jibu lake linagusa idadi ya wanunuzi, haraka ya mkulima mwenye mzigo unaooza, na ukweli kwamba akikataa yeye peke yake mnunuzi anahamia kwa jirani. Maswali yote mawili ni mazuri. Ila kuna moja ambalo ungelifikiria hata usiku, kitandani. Lifuate hilo.

Ukiwa mbali na Misuna, fanya hivyohivyo kwenye mnada wa ng'ombe, kwa wanunuzi wa dengu, au Manyoni kwa wakulima wa korosho.

3. Ifuate chupa ya mafuta ya alizeti

Ukisafiri barabara ya Dodoma au ya Manyara unaona chupa za mafuta ya alizeti zimepangwa kando ya lami, za njano, zinang'aa juani. Singida inajulikana kwa mafuta hayo, kutoka mashine ndogo za kukamua hadi kiwanda kikubwa cha Mount Meru.

Msimu wa 2023 wakulima wa alizeti walilalamika kwamba bei imeshuka vibaya, na suala la ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje likafika bungeni. Hapo Uchumi unaingia kwa miguu miwili. Ushuru ukishushwa, mama wa Temeke anakaanga maandazi kwa nafuu, lakini mkulima wa Mkalama anarudi nyumbani na pesa pungufu. Ushuru ukipandishwa, mkulima anapumua, na mama wa Temeke anapunguza mafuta kwenye karai. Hakuna mbaya kati yao. Somo la Uchumi linakufundisha kupima nani anapata kiasi gani na nani anapoteza kiasi gani, kisha useme unachokiona bila kumdanganya yeyote. Kwangu mimi hiyo ni kazi yenye heshima, na mkoa wetu unahitaji vijana wake wenyewe waifanye, wasisubiri kuelezwa na watu ambao hawajawahi kupepeta alizeti.

Biashara nayo inaishika chupa ileile kwa upande wa pili. Mashudu nimwuzie nani? Chupa na lebo zinaongeza gharama kiasi gani? Nikipata cheti cha ubora kutoka TBS, naweza kuyatoa mafuta kando ya barabara nikayaweka dukani? Niko tayari kumkopesha mwenye duka kwa siku 30?

4. Usiikimbie Hisabati, itakukuta mbele

Wapo wanaojaza ECA au HGE kwa sababu wanaikimbia Hisabati. Nawaambia kwa upendo: haiendi mbali. Wanaosoma Uchumi bila Hisabati ya juu wanasoma Hisabati ya msingi tumizi, ile BAM, kama somo la nyongeza, na vyuo vingi hutazama ulichopata huko, au alama yako ya Hisabati ya kidato cha nne, kabla ya kukupokea kwenye uchumi, uhasibu au fedha.

Lakini ni hisabati ya aina mbili tofauti, na hapo ndipo pa kujipima. Tuseme mama anauza kuku wa kienyeji. Kwa shilingi 20,000 anauza kuku 10 kwa wiki. Anapandisha hadi 25,000, anauza 9. Mwanafunzi wa Uchumi anasema: bei imepanda kwa asilimia 25, wateja wamepungua kwa asilimia 10 tu, kwa hiyo mnyumbuko ni 0.4, wateja hawa hawakimbii kwa urahisi, na mauzo yametoka 200,000 hadi 225,000. Kisha anachora mstari wake wa mahitaji na kueleza kwa nini umesimama wima kiasi hicho.

Mwanafunzi wa Uhasibu hajaridhika bado. Anauliza pumba imegharimu ngapi, chanjo ya kideri ngapi, vifaranga wangapi wamekufa, nauli ya kuwapeleka stendi ngapi. Anaweka kila shilingi mahali pake, upande wa kushoto na wa kulia, mpaka pande mbili zilingane. Hesabu zake ni kujumlisha na kutoa, lakini kosa la shilingi 500 linaweza kumkalisha saa nzima akilitafuta.

Unapenda mchoro na hoja? Au unapata raha pale pande mbili zinapolingana? Jibu kwa ukweli. Na kama unaipenda Hisabati kabisa na alama zako zinasema hivyo pia, usione haya kujaza EGM. Kwa maoni yangu ndiyo inayofungua milango mingi zaidi baadaye: uchumi, takwimu, bima, benki, mipango, hata uhasibu wenyewe.

5. Uliza kuhusu mwalimu kabla ya kuuliza kuhusu jengo

Mwenge ya Singida mjini, Lulumba ya Kiomboi, na shule nyingine za mkoa zina kidato cha tano na sita, na unaweza pia kupangwa mkoa usioufikiria kabisa. Ukishajua shule, mtafute mwanafunzi anayesoma pale umwulize maswali matatu: mwalimu wa Uhasibu yupo? Amekuwepo kwa muda gani? Mnafanya mazoezi mangapi kwa wiki?

Nasisitiza Uhasibu kwa makusudi. Uchumi unaweza kuusukuma mwenyewe kwa vitabu na kwa majadiliano na wenzako pale mwalimu anapokosekana kwa muda. Ni vigumu, lakini inawezekana. Uhasibu bila mtu wa kukuonesha ulipokosea ni kama kujifunza kufuma kikapu kwa kusimuliwa. Utajua majina ya vitu, mikono haitajua kitu.

6. Tazama ulikotoka

Kama O-level ulisoma mchepuo wa biashara, una akiba ya kukuanzishia. Kama hukusoma, Uchumi hauna shida na wewe: kwa kawaida somo hilo huanza kidato cha tano, na darasa zima linaanza mwanzo pamoja. Uhasibu hausubiri hivyo. Wiki za kwanza tu utakuta wenzako wanazungumza debiti na krediti kama salamu. Inawezekana kuwafikia, nimewaona waliofika, lakini uwe tayari kutumia likizo yako ya kusubiri matokeo kwenye kitabu cha kidato cha tatu.

7. Kuhusu Kiingereza

Mitihani ya Uchumi inadai insha, na insha zenyewe ni za Kiingereza. Kama unaijua hoja kwa Kiswahili lakini inakwama ukishika kalamu, anza mapema kuandika aya moja kila siku. Uhasibu unakusamehe kidogo hapo kwa sababu namba zinabeba sehemu kubwa ya jibu. Biashara iko katikati.

8. Milango ya chuo, ikiwemo ile iliyo karibu na nyumbani

Uvumi unaoharibu chaguo za wengi ni huu: kwamba ukisoma ECA huwezi kuwa mchumi, na ukisoma HGE au EGM huwezi kuwa mhasibu. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, usome sifa za kila programu kwa macho yako. Utakuta kigezo cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili kwa pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Baada ya hapo kila programu inataja masomo inayoyataka, na programu nyingi za uchumi na biashara zinapokea wanafunzi wa tahasusi zaidi ya moja.

Jirani zetu wa Dodoma wana UDOM, wana Chuo cha Mipango, wana kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, chuo kilichoanzishwa 1965. Na Singida mjini kwetu ipo kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA.

Hapa naomba mzazi naye asome. Mtoto ambaye alama zake hazikumpeleka kidato cha tano, lakini ana ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, anaweza kuanza cheti cha awali cha uhasibu au ununuzi, akaendelea stashahada, kisha shahada, huku analala nyumbani. Mbele ya safari kuna mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, inayompa mtu CPA, na haimwulizi kama alianzia kidato cha sita au alianzia cheti. Nimeona familia zinauza ng'ombe kumpeleka kijana shule ya mbali akarudie mtihani, wakati mlango ulikuwa umbali wa nauli ya bajaji. Kurudia si vibaya. Ila pimeni yote mawili kabla ng'ombe hajaondoka zizini.

9. Jijaribu mwezi mmoja na daftari la shilingi chache

Mama anayeuza genge huuliza swali la haki kabisa: "Mwanangu, biashara inasomwa darasani? Mbona mimi nauza miaka kumi na sikuisomea?"

Usimjibu kwa maneno. Mwambie, "Mama, nipe ruhusa niandike hesabu zako mwezi huu." Nunua daftari. Kila jioni kaeni pamoja mwandike mlichonunua, mlichouza, kilichooza, kilichokopwa, na kilicholiwa nyumbani. Hicho cha mwisho msikisahau, kwa sababu nyanya za mboga ya watoto ni mtaji pia. Mwisho wa mwezi mtakuwa mmejua mambo mawili. Mama atajua bidhaa gani inamlisha na ipi anaibeba bure. Wewe utajua kama zile jioni thelathini zilikuchosha au zilikuchangamsha.

Kama kufikia siku ya kumi ulikuwa unasinzia juu ya daftari, lakini ukawa unawaza kwa nini nyanya za Iringa zinafika Singida bei rahisi kuliko za jirani, umeshapata jibu lako. Kama ulikuwa unakimbilia daftari kabla ya chakula, umelipata pia.

10. Chunga dirisha la kubadilisha

Tahasusi uliyojaza ukiwa bado shuleni siyo hukumu. Baada ya matokeo, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili wahitimu warekebishe machaguo yao, kabla ya uteuzi wa kidato cha tano kutangazwa. Wengi hulikosa dirisha hilo kwa sababu wako shambani, simu haina chaji, au wamesahau nywila.

Kwa hiyo andika namba yako ya mtihani na nywila kwenye karatasi, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Tangazo likitoka usisubiri siku ya mwisho, mtandao huelemewa. Kama kijijini hakuna intaneti ya uhakika, nenda shuleni kwako ulikosoma au kwenye steshenari iliyo karibu, ingia, linganisha alama zako na tahasusi unayoitaka, badilisha kama unabadilisha, hifadhi, kisha toka na ingia tena kuhakikisha imekaa. Halafu mpigie mjomba, umpe shikamoo yake, umweleze ulichojaza na kwa nini.